Jibu: Shangazi aliyerithi nyumba Dodoma akiwa anapokea Pension Credit
Habari ndugu. Shangazi yako mstaafu, anayeishi Uingereza kwa msaada wa Pension Credit (malipo ya serikali ya huko kwa wazee wenye kipato kidogo), amerithi nyumba ya familia hapa Dodoma, nanyi mnafikiria aikabidhi kwa wadogo zake ili asipunguziwe malipo. Asifanye hivyo, kwa sababu mali iliyotolewa kwa nia hiyo huhesabiwa kana kwamba bado ni yake. Kwanza angalieni Mahakama ya Mwanzo imemteua nani kuwa msimamizi wa mirathi na mgawanyo umefikia wapi. Mama yangu alipotoa taarifa ya urithi wake kwa ofisi ya Pension Credit, nyaraka za mirathi na tathmini ya nyumba (iliyotuchosha kweli kweli) ndizo zilizomsaidia. Mali isiyozidi pauni 10,000 haigusi malipo. Juu ya hapo, kila pauni 500 au sehemu yake huhesabiwa kuwa kipato cha pauni 1 kwa wiki.