Kurasimisha ujuzi wa gereji
Ndugu, umeuliza iwapo mdogo wako, aliyejifunza ufundi wa magari miaka mitatu katika gereji ya mtaani, ni lazima aanze upya chuoni ili apate cheti. Si lazima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, hufundishwa yale yanayopungua, kisha hutunukiwa cheti. Kinachonisumbua zaidi ni makubaliano ya mdomo kati ya mwanafunzi na fundi wa gereji, kwani kijana anaweza kufagia na kushika spana mwaka mzima bila kujua atafundishwa nini. Akija kijana mwingine kujifunza, aandikiane na fundi muda, stadi na posho mbele ya mwenyekiti wa mtaa.