Nani amekuambia kidole ni aina ya mguu?

Ndugu wa Kakamega, hiyo kolamu ya "Mzazi" kwenye Excel ya viungo vya mwili uliyoweka hapa ifute leo, mengine baadaye. Umeuliza mambo mengi, kama mtumie FMA (ramani ya kompyuta ya viungo vya mwili) ama SNOMED CT (kamusi ya kimataifa ya istilahi za tiba), seva iwe wapi, majina ya Kiluhya yakae vipi, kushoto na kulia vitenganishwe namna gani, lakini mimi macho yangu yamekwama kwenye picha ya Excel uliyoweka. Kidole gumba, mzazi wake Wayo. Wayo, mzazi wake Mguu. Mguu, mzazi wake Mwili. Halafu unasema Jumatatu unaimwaga yote ndani ya Protégé, ile programu ya kujengea miti ya maarifa, kama ilivyo, ili rejista yenu ya vidonda na ukataji kwa wagonjwa wa kisukari iwe na anatomia ambayo kompyuta inaielewa. Itaielewa, usiwe na wasiwasi. Itaelewa kwamba kila kidole gumba ni mguu.

Sikutanii. Mti wa Protégé usiuone kama mafolda ya kompyuta. Ukiweka A chini ya B mle ndani, umetangaza rasmi kwamba kila A ni B, bila kubakiza hata moja. Kila mfupa wa paja ni mfupa: sawa, pita. Kila kidole gumba ni mguu: hata mtoto wa chekechea atakucheka, ila kompyuta haicheki. Inameza na kuendelea.

Najua ushauri huo umetoka wapi, maana sisi hapa Kisumu tuliuziwa huohuo. Mradi ulituletea mshauri kutoka Nairobi, jamaa wa suti ya buluu na laptopu iliyojaa stika, ambaye malipo yake ya siku moja yangemlipa karani wa rekodi mwezi mzima. Tukapelekwa hotelini Naivasha. Tulikula vizuri, hilo sikatai. Akachora mti ubaoni, mwili juu, ukucha chini kabisa, akasema kompyuta haijali, kinachotakiwa ni mpangilio tu. Muuguzi mmoja wa kliniki ya kisukari akainua mkono, akauliza: kwani ukucha ni kidole? Akajibiwa kwamba hilo ni swali la falsafa, na chai iko tayari. Chumba kizima, aliyekuwa ameelewa ni yule muuguzi, na nauli yake mpaka leo sijui kama alirudishiwa. Mimi nilikuwa busy kunakili mti.

Rejista ikajaa. Mfadhili akataka kujua ni akina nani wamekatwa mguu, ili wapimwe miguu ya bandia. Nikabonyeza. Kwa vile tulikuwa tumeiambia mashine kwamba kidole ni mguu, ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote: aliyekatwa kidole, amekatwa mguu. Orodha ilitoka ndefu kuliko alivyokumbuka daktari wa upasuaji mwenyewe, lakini nani abishane na kompyuta? Nikaweka sahihi. Watu wakapigiwa simu.

Mzee mmoja wa Ahero alikuja na matatu, akashuka stejini na kutembea mwenyewe hadi kliniki, amevaa akala. Fundi wa miguu ya bandia alikuwa ameshalowesha bandeji za plasta. Akamwomba mzee akae, akunje suruali, aonyeshe kisiki. Mzee akavua akala ya kushoto. Vidole vinne, na pale kilipokuwa cha mwisho, kovu lililokauka vizuri, kazi safi ya kisu. Fundi akaangalia karatasi, akaangalia mguu, akarudi kwenye karatasi. Mzee akauliza kwa upole wote: "Sasa daktari, huu mnaonipa ni wa tatu, ama mnataka kwanza mnikate huu?" Benchi zima likacheka. Nikacheka na mimi, kwa sababu kulia mbele ya wagonjwa hakumo kwenye utaratibu wa hospitali.

Kicheko kiliishia hapo. Vifaa vilikuwa vimeshaagizwa kwa idadi ya orodha ile. Vingine vikalala stoo. Pesa ya kuwafuatilia waliokatwa miguu kikweli, wale wa kufundishwa kutembea upya, ikawa imekwisha kwa nauli na vipimo vya watu wenye miguu miwili. Tulipompigia mshauri alisema data yetu ilikuwa chafu. Yetu! Data ilikuwa safi kama maji ya mvua, karani aliandika "kidole cha tano, kushoto" bila kukosea herufi. Uchafu ulikuwa kwenye ule mti wake, na nasikia bado anauchora mahoteli mengine.

Kwa hasira tukavunja mti wote, kila kitu kikae peke yake. Usifanye hivyo pia. Tukauliza vidonda vya mguu, jibu likarudi karibu tupu, kwani vidonda vya kisukari vingi hukaa vidoleni na kwenye wayo, na sasa mashine haikujua kwamba vidole viko mguuni. Hapa ndipo penye utamu wenyewe wa kazi hii. Kidonda cha kidole ni kidonda cha mguu, kweli kabisa. Mfupa wa kidole ukivunjika, umevunjika mfupa wa mguuni. Lakini kukatwa kidole si kukatwa mguu. Mambo mengine yanapanda kutoka kwenye sehemu hadi kwenye kizima, mengine yanagoma, na mashine haina njia ya kujua lipi ni lipi usipoiambia.

Sasa namna ya kuiambia. Chini ya kila aina weka aina zake tu. Usehemu uandike kama uhusiano wa pembeni: kidole gumba "ni sehemu ya" wayo, wayo "ni sehemu ya" mguu, na uhusiano huo uuwekee alama kwamba unarithishana, sehemu ya sehemu iwe sehemu. Kisha tengeneza mahusiano mawili ya wagonjwa. La kwanza liite "kiko kwenye", ulifunge mnyororo na usehemu: kilicho kwenye sehemu kiko pia kwenye kizima. Hilo ni la vidonda, maambukizi na mivunjiko. La pili liite "kimeondoa chote", na hilo usilifunge mnyororo wowote. Hilo ni la ukataji. Protégé inabeba minyororo hiyo, na ELK, programu ya kukokotoa mantiki inayokaa ndani yake, inaipiga hesabu bila kuchoka hata mti ukiwa mkubwa.

Na kabla ya kuweka chochote chini ya chochote, itamke sentensi kwa sauti: "Kila hiki ni kile." Kwa sauti, mwenzako akisikia. Ikisikika ya kijinga, ni sehemu, iondoe kwenye mti. Sisi hapa tunaifanya mpaka wasafishaji wametuzoea. Kushoto na kulia, kwa mfano, hazina shida yoyote: kila mguu wa kushoto ni mguu, basi mguu wa kushoto ukae chini ya mguu, na FMA imefanya hivyohivyo.

Nimeona pia mstari wako wa "Mwili una Tezi dume". Itamke. Kila mwili una tezi dume? Mama yako pia? Ukiigeuza, kila tezi dume ni sehemu ya mwili, hapo umesema kweli. Sentensi ya usehemu inashika mwelekeo mmoja kwanza, na ule wa pili unathibitishwa kivyake.

Mtu atakuja hapa kusema mbona SNOMED CT ina kidole chini ya mguu. Ndipo hasa yule mshauri alipopotelea. Aliona mpangilio, hakusoma jina lote. Mle ndani kilichoko juu ni "muundo wa mguu", maana yake mguu wote ama kipande chake chochote, na "mguu mzima" una nafasi yake tofauti. Ukitamka kila muundo wa kidole ni muundo wa mguu kwa maana hiyo, sentensi inasimama. Ni ujanja uliotoka kwa watafiti Stefan Schulz, Udo Hahn na wenzao miaka ya 1990: kila kiungo kinapewa vyumba vitatu, muundo, kizima na sehemu. Ukinakili mti huo na kuacha neno "muundo", umenakili sumu bila dawa yake. Tena hata waundaji wa SNOMED CT wameteleza. Mwaka 2011 Alan Rector na wenzake walichapisha makosa waliyoyakuta humo, mguu ukiwa umehesabiwa kwenye nyonga. Kama mabingwa wanateleza, wewe na Excel yako mnakwenda wapi na kolamu moja ya "Mzazi"?

FMA ndiyo ningekufundishia. Ni ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kazi ya Cornelius Rosse na José Mejino. Walipoielezea mwaka 2003 ilikuwa na aina zipatazo 75,000 na zaidi ya mahusiano milioni 2.1, ya namna 168. Mia moja sitini na nane! Wewe umekuja na moja. Mle ndani moyo umewekwa chini ya viungo vyenye uwazi ndani, kwa sababu ya jinsi ulivyo, na habari ya kwamba uko kifuani inakaa kwenye uhusiano mwingine kabisa. Ila ujue ni mwili wa kawaida tu, magonjwa hayamo, na usiipakue yote. Chukua kipande cha mguu.

Wanaosema OpenMRS itakuokoa, ule mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za Eldoret, waulize swali moja. Kamusi yake ya dhana inakuruhusu kusema dhana hii ni finyu kuliko ile, lakini ufinyu huo haukuambii kama ni aina ama ni sehemu. Kidole ni finyu kuliko mguu, na tumerudi palepale.

Fanya hivi wikendi hii. Tengeneza wagonjwa watatu wa uongo: mmoja ana kidonda kwenye kidole gumba, wa pili amekatwa kidole cha tano, wa tatu amekatwa mguu wote kuanzia nyongani. Washa ELK. Swali la vidonda vya mguu lazima limlete wa kwanza. Swali la waliokatwa mguu mzima lazima limlete wa tatu na kumwacha wa pili nyumbani kwake kwa amani. Weka picha ya matokeo hapa kabla ya Jumatatu, niyaone.