Kiatu kimoja kimevuliwa: je, mtoto huyu alikwisha kufa?

SWALI: Nimeona picha ya rangi iliyochorwa Marekani miaka ya 1830. Mtoto amevaa gauni na mkufu mwekundu, mguu mmoja hauna kiatu, mkononi ana mjeledi mdogo. Nimesoma kuwa kiatu kilichovuliwa huonyesha mtoto alichorwa akiwa amekwisha kufa. Ni kweli? Na msichana wa nini na mjeledi?

JIBU: Yaelekea huyo ni mvulana. Enzi hizo wavulana wadogo nao walivishwa gauni, suruali ikaja baadaye. Mchoraji aliwatofautisha kwa vitu vya mkononi: mjeledi au nyundo kwa mvulana, mdoli kwa msichana. Tazama na nywele. Za wavulana mara nyingi ziligawanywa upande, za wasichana katikati.

Mkufu huo bila shaka ni wa marijani, na haukuambii jinsia, kwani wote waliuvaa. Tangu enzi za Warumi watu waliamini marijani humkinga mtoto na maradhi na kijicho. Kwa hiyo siuhesabu kuwa fumbo la mchoraji. Mzazi alimvisha mwanawe kinga, mchoraji akaichora kama alivyoiona. Ila tahadhari: Ammi Phillips, aliyezunguka miji akichora kwa malipo, aliwachora watoto kadhaa kwa gauni jekundu na mkao unaokaribia kuwa mmoja. Vitu vingine ni mazoea ya mchoraji tu.

Sasa kiatu. Wapo wataalamu wanaokisoma hivyo, lakini mimi sikubali kumzika mtoto kwa ushahidi wa kiatu. Mtoto wa miaka miwili huvua viatu kutwa! Nataka dalili ziandamane: waridi lililovunjika shina, mti wenye matawi yanayoinama kama ya makaburini, jua linalozama. Uso nao hausaidii. Joseph Whiting Stock wa Massachusetts alichora watoto wengi waliokwisha kufariki, na mtoto wa aina hiyo aliweza kuchorwa amesimama, macho wazi, kazungukwa na vitu vyake vya kuchezea, kwa kuwa wazazi walitaka kumkumbuka akiwa hai.

Kinachokata shauri ni maandishi. Stock aliweka daftari la kazi zake. Kwa picha yako, uliza makumbusho kama kuna jina na tarehe nyuma ya turubai, kisha linganisha na jiwe la kaburi au Biblia ya familia, ambamo wengi waliandika vizazi na vifo.