Maswali ya Wasomaji: "Mgongo Umechoka, Njia ni Mawe Tupu, Ninunue Piki Gani?"

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Mikindani lakini shule yangu iko ndani ndani huko Kasemeni, upande wa Kinango. Mpaka Mazeras ni lami sina neno, ila kutoka hapo ni vumbi, mawe na makorongo ya maji, mvua ikinyesha ndio balaa kabisa. Saa hii napanda boda asubuhi na jioni, pesa inaisha na mgongo unaniuma hadi kukaa darasani siwezi. Nataka kununua yangu. Kimo changu ni futi 5 na inchi 2, kilo nina 54, leseni ninayo. Kakangu aniambia nichukue kubwa ya cc 250 ndio haitingishiki, wengine wanasema nikamate Boxer tu nimalize maneno. Mimi nataka nyepesi na isiyoniumiza. Nisaidie. (Mwalimu, Mikindani)

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana na huo mgongo. Nianze na hilo la kakako manake ndilo litakalokuumiza mapema. Ni kweli piki kubwa inatulia, lakini inatulia kwenye lami, ukifika kwenye korongo ule uzito wote unabaki mikononi mwako. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilinunua moja ya kilo zaidi ya 170, nikajiona nimefika, masika ikanilaza kwenye tope huko juu ya Mariakani. Wala sikuanguka kwa kishindo, ilijilaza tu polepole kama ng'ombe aliyechoka, na kuinua sikuweza. Nilikaa pale kando ya njia petroli inadondoka kwenye kifuniko cha tangi mpaka wakatokea vijana wawili wanachunga mbuzi wakanishikia, na mimi ni mwanamume wa kilo 80. Sasa wewe wa kilo 54 peke yako saa kumi na moja jioni, hapana dadangu.

Kwa hivo kipimo changu cha kwanza si bei wala cc, ni je utaiinua mwenyewe? Azima ya jirani ya aina hio unayoitaka, muilaze taratibu kwenye nyasi au mchanga mtu akiwa karibu, halafu uipe mgongo, makalio yaegemee siti, chutama, mkono mmoja ushike handeli mwengine ushike chuma cha nyuma, kisha usukume kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Usiinue kwa kuinama mbele, huo mgongo utaumaliza. Ikiwa imelalia kulia toa stendi kwanza, isije ikaanguka upande wa pili. Ukiweza mara mbili mfululizo basi hio ni saizi yako. Kwa watu wengi wa umbo lako inakuja kuwa piki ya kilo 130 kushuka chini.

Na chini pia kuna mpaka wake. Ungekuwa unaishi huko huko shuleni ningekwambia cc 100 inatosha, lakini wewe kila siku unapanda ile barabara kuu ya Nairobi kutoka Mikindani, unapita Jomvu, Miritini, mpaka Mazeras na matrela yako nyuma yako, na pale kwenye mlima cc 100 inakohoa wakati trela linakuja. Chukua 125 mpaka 150. Hapo unapata nguvu ya kutoka njiani mtu akikufuata vibaya, na bado ni nyepesi.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea wanaangalia siti. Hizi piki za boda tunazoziona kila kona zimeundwa kubeba mzigo, dereva na abiria na gunia la makaa, na springi zake za nyuma ni ngumu makusudi. Ukikaa wewe wa kilo 54 peke yako springi haikusikii kabisa, kila jiwe linapita moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo. Ndio maana unaweza kumuona mtu wa boda akiwa na abiria wawili anapita vizuri, akirudi mtupu anarushwa kama mpira.

Hili unaweza kulipima kwa tepu ya fundi cherehani, usimuachie mtu akukisie. Mwambie mtu mmoja anyanyue nyuma ya piki mpaka gurudumu liache ardhi, pima kutoka kwenye nati ya ekseli kwenda juu wima mpaka alama utakayotia kwa kalamu karibu na taa ya nyuma. Sema umepata sentimita 52. Sasa ishushe, panda na lile begi lako la madaftari mgongoni, miguu juu, mtu akushikie handeli usianguke, pima tena pale pale. Hio tofauti inatakiwa iwe kama robo mpaka thuluthi ya umbali wote ambao gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka. Piki ambayo gurudumu lake la nyuma linacheza sentimita 10 itake ishuke 2 na nusu mpaka 3, inayocheza 15 itake ishuke 4 mpaka 5. Ikishuka nusu sentimita tu basi hio ni ngumu kwako. Ikishuka zaidi ya hapo sana, ukipiga shimo itafika mwisho na kugonga.

Kwenye shoki mbili za nyuma utaona pete yenye ngazi ngazi kwenye springi, inazungushwa kwa ile spana iliyopinda kama ndoana. Izungushe mpaka ngazi ya chini kabisa, pande zote mbili sawa, usiache moja ngazi ya pili nyingine ya nne. Haitageuza springi ngumu ikawa laini, nisikudanganye, lakini itaacha kuibana mapema na utasikia tofauti siku hio hio.

Upepo nao. Boda wengi wanajaza tairi mpaka linakuwa jiwe kwa sababu ya mzigo, na ukinunua ya mkono wa pili utaikuta hivo hivo. Soma kile kikaratasi kilichogandishwa kwenye kava ya cheni au kwenye mkono wa nyuma, piki nyingi za aina hii kinasema kama PSI 25 (kipimo cha upepo) mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, abiria akipanda ndio nyuma inaongezwa. Ifuate hio, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Usishuke chini ya 20 kutafuta ulaini, hayo mawe ya Kasemeni yatabana tiubu na rimu na utatoka na matundu mawili sambamba.

Aina gani sasa. Kuna makundi mawili na usiyachanganye. Boxer ya 150, ambayo injini yake hasa ni cc 144.8, inakaa chini, miguu yako itafika, spea ziko mpaka kwenye duka la kijijini na fundi yeyote chini ya mwembe anaijua. Magurudumu yake ni ya inchi 17 mbele na nyuma, na gurudumu dogo linazama kwenye shimo kisha linagonga ukingo wake, hapo mikono inachoka. Kundi la pili ni zile za mashamba na mapori, kama Honda XR150L ambayo nadhani ushaiona kwa maofisa wa nyanjani, au Yamaha XTZ125. Honda hio mbele ina inchi 19, shoki za mbele zinacheza sentimita 18 na ya nyuma 15, uzito karibu kilo 130. Yamaha mbele ni 21 na ni nyepesi zaidi. Gurudumu kubwa linapanda jiwe badala ya kuligonga, tofauti yake utaihisi kwenye viganja kabla hujaihisi mgongoni.

Tatizo lako ni siti. Ya Honda inazidi kidogo sentimita 82 kutoka chini na ya Yamaha iko juu zaidi, na kwa futi 5 na inchi 2 utagusa kwa ncha za vidole. Watu wanaogopa hapo, lakini kusimama vizuri unahitaji mguu mmoja tu, unasogeza kiuno upande wa kushoto kabla hujasimama, mguu wa kulia unabaki kwenye breki. Zoea hilo kwenye uwanja wa shule wiki moja jioni watoto wakishaenda. Fundi wa siti anaweza pia kukata sponji pembeni pale mapaja yanapopita, asikate katikati unapokalia.

Mimi ningekuwa ni wewe na pesa inaruhusu ningechukua XR150L, nikae nayo miaka. Pesa ikiwa ya kubana, Boxer iliyotunzwa vizuri, pete ngazi ya chini, upepo sawa, na tairi la mbele lenye meno badala ya lile la lami, itakufikisha na mgongo wako. Ukinunua ya mtu usimpe hela yote mpaka transfa ya logbuku imepita kwenye eCitizen, maneno ya "ntakutumia kesho" yamewaliza watu wengi.

Mawili ya mwisho. Jifunze kusimama juu ya piki ikiwa inaenda. Ukiona mawe mbele nyanyua makalio kidogo tu, magoti yakunjike, uzito uwe miguuni, acha piki icheze chini yako. Sekunde kumi za kusimama zinaokoa mgongo kuliko siti yoyote. Na kama unavaa dera au buibui, nakuomba kwa moyo wote, vaa suruali ndani na ulikusanye lote ulikalie, lisibaki hata ncha inapepea nyuma. Boda nyingi zina kava ya cheni, hizi za mapori cheni iko wazi, na nguo ikishikwa na cheni au spoku hakuna nafasi ya kufikiri.

SWALI: Rimu za aloi na za spoku zipi bora kwa njia mbovu? (Kijana, Likoni)

JIBU: Spoku, ndugu yangu. Aloi ikipigwa na jiwe kwa kasi inapasuka au inapinda na kuirudisha ni kubahatisha, spoku inanepa na fundi anaivuta ikanyooka. Lakini huku kwetu hewa ni ya chumvi, spoku zinaota kutu pale zinapoingia kwenye rimu. Kila Jumapili chukua spana ndogo ugonge moja moja ukizungusha gurudumu, zilizokaza zinalia tin tin, iliyolegea inatoa sauti nzito kama debe lililojaa, hio ikazwe kabla haijawalegeza wenzake. Na ukipita ufukweni osha kwa maji ya mfereji siku hio hio.

SWALI: Nimeongezwa sponji nene kwenye siti lakini bado naumia, nabeba mboga kutoka Kongowea mpaka ndani ya Kisauni. (Mama mboga)

JIBU: Pole mama. Sponji laini ukiikalia inabonyea mpaka chini, baada ya kilomita mbili unakalia ubao. Bora nyembamba iliyo ngumu. Lakini kwanza kagua shoki zako: simama kando, bonyeza siti kwa nguvu uachie. Ikirudi juu mara moja ikatulia ni nzima, ikiendelea kudunda mara mbili tatu mafuta ya ndani yamekwisha, na ukipitisha kidole kwenye ule mti unaong'aa utakuta umelowa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, ukiweka moja mpya na kuacha ya zamani piki itavuta upande mmoja na kapu la mboga juu yake.