Raia wa mfalme, raia wa taifa

SWALI: Nafundisha Historia kidato cha tano. Katika somo la Mapinduzi ya Ufaransa niliandika ubaoni: "Wafaransa waliacha kuwa raia wa mfalme, wakawa raia." Mwanafunzi akauliza, "Sasa mwalimu, kimebadilika nini?" Je, niandike "wananchi"?

JIBU: Mwanafunzi wako kagusa penyewe, mwalimu. Neno raia limebeba maana mbili zinazovutana, na ile kongwe haijatoka.

Tumelipata kutoka Kiarabu, ra'iyya, mzizi wake ni kuchunga. Waliosoma madrasa wanaikumbuka hadithi ya Mtume: kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hicho kichungwacho ndicho ra'iyya. Raia wa Sultani, basi, alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi na amri yake. Nani atawale, hakuulizwa.

Wafaransa walikuwa na maneno mawili. Wa mfalme ni sujet, aliyewekwa chini. Citoyen limetokana na mji na watu wake. Tamko la tarehe 26 Agosti 1789 lilitaja haki za binadamu na za citoyen, likasema chimbuko la mamlaka yote ni taifa. Kufikia 1792 watu waliitana citoyen, na mwanamke citoyenne, wakaacha "monsieur" na "madame". Usiwafiche wanafunzi, hata hivyo, kwamba Katiba ya 1791 iliwapa kura wanaume tu, wa miaka 25 kwenda juu, wenye kulipa kodi isiyopungua ujira wa siku 3. Citoyenne alibaki na jina bila kura.

Waarabu walipohitaji neno la maana hii mpya walichukua muwatin, kutokana na watan, nchi ya mtu. Sisi tulibaki na raia, tukalivika maana ya pili.

"Wananchi" silipendekezi hapa, ingawa nalipenda. Mwananchi ni mwana wa nchi; linasema mtu ni wa wapi, halisemi sheria inampa nini. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Lakini haki ya kupiga kura, ibara ya 5, imepewa raia. Mgeni huomba uraia wa tajinisi, haombi uananchi.

Andika: "Waliacha kuwa watawaliwa wa mfalme, wakawa raia wa taifa." Mtawaliwa ni neno zito kidogo mdomoni, ila litamjibu mwanafunzi wako.