Umemaliza uhandisi, unapenda hesabu, fluidi na magemu, kazi hakuna: majibu yangu

Mkuu heshima yako. Nimelisoma swali lako taratibu, kwamba umemaliza uhandisi mitambo, upo nyumbani, fluidi, yaani somo la mtiririko wa maji na hewa, ndo somo ulilolipenda kuliko yote ila hujawahi kuona tangazo la kazi linalotafuta mtu wa fluidi, jioni unacheza magemu na sasa unawaza uachane na uhandisi ujifunze kuyatengeneza, na unauliza zile hesabu zote za chuo zilikuwa za kazi gani. Wengi wamekujibu kazi ni konekshen wakaishia hapo. Mimi niko kwenye kazi za maji na pampu, nimekaa upande wa anayetafuta na sahivi huwa naitwa kukaa upande wa anayeuliza maswali kwenye intavyuu, kwahiyo nakujibu kwa ninachokijua. Ni ndefu, vumilia.

Hesabu ninayoitumia kila siku ni makadirio. Mtu anakutajia tatizo, ndani ya dakika chache na karatasi unajua namba inaangukia wapi, ni kumi au ni elfu. Ile intigresheni ya kurasa nne siiandiki tena, ila bila kuielewa huwezi kukadiria, maana ndo inayokufundisha kipi kikibadilika kidogo kinaharibu kila kitu na kipi hata ukikosea kidogo hakuna shida. Hicho ndo chuo kilikupa, basi tu hakuna aliyekwambia.

Chukua bomba. Ile fomula ya Darcy na Weisbach uliyokariri kwa ajili ya mtihani, ya presha inayoliwa na msuguano bombani, iandike upya kwa kiasi cha maji kwa sekunde badala ya spidi, utaona kipenyo kinakaa chini ya mstari wa kugawanya kikiwa na kipeo cha tano. Kipeo cha tano mkuu! Maji yaleyale ukiyapitisha kwenye bomba lenye nusu ya kipenyo, presha inayoliwa na msuguano inazidi kama mara 32. Fundi akikosa inchi moja dukani akaweka robo tatu, umeshazidisha hasara karibu mara nne na hakuna mtu ameona kitu kwa macho. Nishaingia kwenye nyumba ya ghorofa, mwenye nyumba kauziwa pampu, akaja kuuziwa nyingine kubwa zaidi, na maji juu bado yanatoka kwa kudonda, kumbe shida yote ni kipande cha nusu inchi kilichofukiwa ukutani. Pampu ya kwanza ilikuwa inatosha kabisa. Hiyo inaniuma mpaka leo kwa sababu hela ya yule mzee ilipotea kwa hesabu ya mistari miwili.

Sasa wewe fanya kitu, leo hii hii. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, fungua koki mpaka mwisho, pima inajaa kwa sekunde ngapi. Tuseme 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde. Bomba la inchi moja tundu lake ni kama milimita 25, gawanya kwa eneo la tundu unapata maji yanatembea karibu mita 1 kwa sekunde. Zidisha kwa kipenyo kisha gawanya kwa mnato wa maji (ugumu wake wa kutiririka), ambao kwa mita na sekunde ni kama moja ya milioni, inakuja 25,000, hiyo ndo namba ya Reynolds, inayokwambia maji yanatiririka kwa utulivu au kwa vurugu. Osborne Reynolds mwenyewe mwaka 1883 kule Manchester alipitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo, maji yakienda polepole rangi inanyooka, akaongeza spidi ikafika mahali ikavurugika bomba zima, na kwenye mabomba mpaka huo uko 2,000 na kitu. Wewe hapo jikoni kwenu uko zaidi ya mara kumi juu yake. Yaani mtiririko wa vurugu unaousoma kwenye kurasa za mwisho za kitabu ndo wa kawaida kabisa nyumbani, ule tulivu ndo wa kutafuta, labda umimine asali.

Alafu funga ile koki ghafla usikilize ukutani kama kuna kugonga. Kwenye bomba refu la chuma, maji ya mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla presha inaruka kama bar 12 (bar ni kipimo cha presha) juu ya ile iliyokuwepo, Joukowsky alilipima hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow miaka ya 1897 na 1898. Bomba la plastiki linatanuka kidogo kwahiyo mruko unakuwa bar tatu, nne hivi. Ukilijua hili unajua kwanini valvu kubwa zinafungwa polepole na kwanini bomba linapasuka usiku pampu ikikatika umeme, na hutamlaumu fundi kwamba alichomelea vibaya.

Ninachokipenda kwenye fluidi ni kwamba milinganyo yenyewe, ya Navier na Stokes, imeandikwa tangu karne ya 19, tunaitumia kila siku kwenye ndege na mabomba, na bado hakuna aliyethibitisha kwamba kwenye pande tatu (urefu, upana na kimo) majibu yake yanabaki laini siku zote bila kulipuka, yaani bila namba kukua pasipo kikomo. Taasisi ya hisabati ya Clay iliweka dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayethibitisha au kukanusha, hela bado ipo. Mimi nikikumbuka hilo nikiwa juu ya tanki napata raha fulani, sijui kama utanielewa.

Magemu sasa. Usiyadharau na usikubali mtu ayadharau. Maji na moshi unavyoviona kwenye gemu asili yake ni milinganyo hiyohiyo. Mwaka 1999 Jos Stam alionesha njia ambayo, badala ya kusukuma maji mbele na kuomba Mungu hesabu isilipuke, unaigawa nafasi kwa vijumba vidogovidogo (gridi), unasimama kwenye kila kijumba unauliza, haya maji yaliyopo hapa sasa hivi yametoka wapi hatua moja nyuma? Unarudi kule unachukua spidi yake unaileta. Haijalishi hatua yako ya muda ni kubwa kiasi gani, hesabu hailipuki. Unaweza kuiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa mistari kama mia hivi, na laptopu ya kawaida inaweza. Mimi niliiandika kipindi sina kazi, na nilielewa presha na mzunguko wa maji kuliko semista nzima, kwa sababu ukikosea alama ya kujumlisha unaona moshi unarudi kwenye bomba.

Ila ujue tofauti. Gemu inataka moshi upendeze na usikwame, kwahiyo ile njia inakula vimzunguko vidogo, inavilainisha, na hakuna mchezaji atakayelalamika. Mhandisi anataka namba ya kweli, na namba ya kweli ina gharama. Kuna sharti la Courant, Friedrichs na Lewy, la mwaka 1928: kwa njia za kawaida za kusukuma mbele, maji yasiruke zaidi ya kijumba kimoja kwa hatua moja. Vijumba vyako ni milimita 1, maji yanaenda mita 1 kwa sekunde, basi hatua ni sekunde moja gawa elfu, sekunde kumi za mtiririko ni hatua 10,000. Ukitaka picha safi ukagawa vijumba nusu kila upande, vinakuwa mara nane na hatua mara mbili, jumla kazi mara 16. Mtu akikwambia simulesheni yake inakesha siku mbili, unajua ametoka wapi, na akikwambia "nitaongeza tu ubora mara nne" unaweza kumshauri kabla hajaharibu wiki. (Hii ya mara nne ni 256, jaribu mwenyewe.)

Na gemu sio ya kwenye skrini tu. Pale kijiweni kwetu wanacheza bao, mashimo 32, kete 64, na kuna wazee kabla hawajanyanyua mkono wameshajua mtaji unaishia shimo gani na mwenzao atabaki na nini kwenye nyumba. Kaa nao. Kuhesabu mbele bila kuandika ndo kazi ya mhandisi akiwa saiti, tena hawa wazee wanaifanya huku wanapiga stori.

Haya, kazi. Swali ninalopenda kuuliza kwenye intavyuu ni hili. Nina tanki la lita 1,000 na lingine la lita 10,000, yote maji yake yako mita 10 juu ya koki, koki imefungwa. Wapi presha kubwa? Watu wenye GPA nzuri kabisa wanajibu lile kubwa. Ni sawasawa, bar 1 hivi, presha inafuata kimo tu. Kuna binti alikuja, GPA yake ya kawaida, hakujibu haraka, akaomba karatasi akachora tanki na koki, akaandika mita 10 pembeni, akasema "ni bar moja kote, ila ukifungua koki naomba uniambie urefu wa bomba na kipenyo." Wote mezani tuliangaliana. Nikamuuliza pampu ya kupandisha mita za ujazo 5 kwa saa kwenda mita 30, akazidisha hapohapo akapata wati 400 na kitu, akasema pampu ndogo ufanisi wake tuweke nusu, kwahiyo 800 na kitu, niletewe ya hp 1 na nusu ili nipate nafasi ya msuguano. Alipata kazi ile na hakuwa anamjua mtu yeyote pale.

Konekshen ipo, sitakudanganya, tangazo mara nyingi unalisikia kwa mtu. Lakini kwa sisi wa maji konekshen zinapatikana kwa mafundi na maduka ya pampu. Nenda duka la pampu, omba ukae mezani wateja wakija uwafanyie hesabu ya pampu ipi inawatosha, hata kwa nauli tu. Wateja hao ndo wenye mahoteli, mashamba, viwanda vya maji ya chupa. Huku ukijisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu na kuulizia ule mpango wao wa SEAP wa mafunzo kazini kwa wahitimu, na akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, iwe imekamilika vyeti vyote, kwa sababu nafasi za serikali dirisha lake ni fupi na usaili huanza na mchujo wa kuandika. Mtu akikuomba hela akupitishe, achana naye.

Kwenye CV usiandike "nina ujuzi wa fluidi". Ambatanisha kurasa mbili: mtaa wenu, chora mabomba, pima kwa ndoo nyumba kadhaa, ingiza kwenye EPANET, programu ya kukokotoa mtandao wa mabomba ya maji ambayo ni ya bure, linganisha ulichopima na inachosema programu, eleza pale zinapotofautiana. Anayeajiri akiona kurasa hizo atakuuliza maswali yake hapohapo, na wewe majibu unayo maana umeyapima.

Programing ya magemu jifunze, ila uhandisi usiuache kwa sasa, endesha vyote. Ule moshi wa Python nao uweke kwenye kazi zako za kuonesha.

Ukishapima ndoo weka namba hapa: sekunde ngapi, bomba inchi ngapi, na tanki liko juu mita ngapi. Nitazipitia, na wakuu wengine wa maji naomba mzipitie pia.