Mzunguko unaoruka ruka: siku za hatari (za kushika mimba) hesabu kutokea nyuma, sio mbele

Mdogo wangu nimesoma yote uliyoandika, unatafuta mtoto, mzunguko mara 25 mara 28 mara 33, mume dereva wa malori anakaa njiani wiki nzima au mbili, apu ya simu kila mwezi inakwambia siku ya kushika mimba ni ya 14 na mimba hakuna. Na wachangiaji wa juu wameshaanza kukuuzia dawa za kusafisha kizazi. Kizazi hakisafishwi jamani, kinajisafisha chenyewe ndo hiyo hedhi yenyewe, hela yako iweke.

Mi mzunguko wangu ni mrefu toka nivunje ungo, unagonga thelathini na kitu, na hiyo siku ya 14 nimeimbiwa tangu shule. Ile siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Mwili wako haujui kama leo ni siku ya 14. Kipande cha mwanzo, yaani toka damu inaanza mpaka yai linapevuka na kutoka, hicho ndo kinachovutika, mwezi huu kifupi mwezi ujao kirefu. Kipande cha pili toka yai litoke mpaka damu nyingine ije hakibadiliki sana, kwa wengi ni siku 12 mpaka 14 hivi, kwasababu kinaendeshwa na homoni ya projesteroni inayotoka pale yai lilipochomoka, na pasipo mimba ikishuka ndo damu inakuja. Kwahiyo unahesabu kurudi nyuma, kama siku 14 toka siku damu nyingine inapokuja. Mwezi wako wa siku 25 yai lilitoka kwenye siku ya 11, mwezi wa siku 33 lilitoka kama siku ya 19. Sasa angalia hiyo 14 ya apu, mwezi mmoja yai lilitoka siku tatu nyuma na limeshakufa (yai linaishi saa 12 mpaka 24 tu likishatoka), mwezi mwingine bado siku tano lije. Apu haikosei makusudi, inachukua wastani, na mwenye mzunguko kama wako wastani haumsaidii kitu.

Halafu hakikisha siku ya 1 unaianzia pale damu inapotoka ya kuhitaji pedi, sio yale matone ya kahawia, na sio siku uliyomaliza. Wengi wanaanza kuhesabu wakishaoga na kutoharika, hesabu yote inasogea wiki nzima.

Mi ni mtu wa Tanga, na kusema ukweli sisi kuhesabu tumelelewa nako. Shangazi ndo alinikalisha chini, hedhi imeingia saa ngapi, imekatika saa ngapi, kwasababu ya swala, na Ramadhani unaandika siku ulizokula ili ulipe deni la funga. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo ya Waislamu wengi huku pwani tunajua hedhi haizidi siku 15 na kawaida ni 6 au 7. Ukimuuliza mwanamke wa huku damu yake inakaa siku ngapi anakujibu hapohapo, ila muulize toka damu mpaka damu ni siku ngapi anaanza kukuna kichwa. Zile siku za tohara (usafi, zisizo na damu) za katikati hatukuziandika, na mtoto anapatikana humo. Mi nilichofanya nikachukua daftari lilelile la madeni ya funga nikaongeza mstari mmoja tu pembeni, leo pakavu au pana ute (majimaji ya ukeni). Basi.

Ute ndo mwalimu wangu mpaka leo. Damu ikikatika unakaa mkavu siku kadhaa, halafu unaanza mzito mweupe kama losheni, halafu siku moja unakuta unateleza, hauna rangi, ukiuvuta kwa vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi. Hizo ndo siku. Siku ya mwisho ya kuteleza ndo yai liko mlangoni, kesho yake unakuta umekuwa mzito tena au pakavu. Angalia ukienda chooni kabla hujatawaza, futa na tishu uone, maana ukishapitisha maji hukuti kitu. Usiangalie asubuhi ya baada ya tendo, utachanganya na mbegu. Na mweupe wa mabonge unaowasha huo ni fangasi sio ute wa uzazi, nenda katibiwe. Na mambo ya kujiosha ndani kwa sabuni au limao achana nayo, unaondoa ute na kukaribisha magonjwa.

Kupima joto asubuhi kabla hujashuka kitandani nako kupo, linapanda kidogo kama nyuzi 0.2 mpaka 0.5 na linabaki juu mpaka hedhi, ila linakwambia yai limeshatoka, umechelewa. Mi ilinishinda, alfajiri nani anakumbuka kipimajoto. Vile vijiti vya mkojo vya famasi vinavyofanana na UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) ni bora, vinakuonyesha saa 24 mpaka 36 kabla yai halijatoka, ila mwenye shida ya vifuko vidogo vingi kwenye ovari (kiungo kinachotoa mayai) vinaweza kumdanganya.

Sasa mumeo. Mbegu zikikuta ute mzuri zinaweza kuishi mpaka siku 5, kwahiyo akirudi usisubiri "siku yenyewe", akiwepo kuanzia siku ya 7 mpaka ya 22 kila baada ya siku moja au mbili mkutane. Hiyo 7 na 22 nimetoa wapi, mzunguko wako mfupi 25 toa 18, mrefu 33 toa 11, ndo hesabu ya kalenda ya zamani. Hizo namba chukua za miezi sita angalau, sio miwili. Na anayekwepa mimba kwa mzunguko kama huu kalenda peke yake simshauri, hizo siku 16 zote anatakiwa akae pembeni.

Umesema pia ulikuwa unameza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) sana kabla ya ndoa. Haiharibu kizazi, inachelewesha yai na kuvuruga mwezi huo au unaofuata, ila haibaki mwilini miaka. Mwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ndo anaweza kungoja muda mrefu hedhi ikae sawa, mwaka hata.

Hospitali nenda kama mzunguko unashuka chini ya 21 au unapita 35 mara kwa mara, miezi mitatu hujaona na UPT haina kitu, damu inazidi siku 8, unajaza pedi kila saa, au maumivu yanakulaza kitandani. Na mkifika mwaka mnajaribu bila kitu (miezi sita tu kama umevuka 35 umri), nendeni wote wawili. Wote, kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyako vyote na wanaume wanakikimbia, mwanamke anazungushwa utrasaundi mpaka anachoka kumbe tatizo liko upande wa pili.

UPT usipime mapema ukajipa presha, hesabu toka siku ya mwisho ya ute wa kuteleza, zikipita siku 16 hujaona damu ndo ununue.

Na lile swali lako la mwisho la kuchagua siku ya kupata mtoto wa kiume, hilo halijathibitika, wanaokuuzia kalenda yake wanapatia nusu ya watu kwa vyovyote vile.